SKUNA ZA BALTIMORE NA HATI YA KUTEKA

Watu wengi hudhani kwamba kila chombo kilichoteka merikebu baharini katika zama za matanga kilikuwa cha maharamia. Sivyo. Haramia aliteka mali ya mtu yeyote, naye akikamatwa alinyongwa. Lakini walikuwako wengine walioteka kwa idhini: serikali iliyokuwa vitani ilimpa mwenye chombo hati ya kuteka merikebu za adui, wala si za mwingine.

Marekani ilipotangaza vita juu ya Uingereza mwezi wa Juni, 1812, ilikuwa na manowari chache mno, kwa hiyo ikatoa hati hizo kwa wafanya biashara. Mwenye kupewa hati aliweka dhamana ya dola 5,000, au dola 10,000 ikiwa watu wake walizidi 150, ili asivunje sheria. Tena kila chombo alichokiteka kilipaswa kuhukumiwa kortini kabla ya kuuzwa. Mabaharia walitegemea fungu lao la mateka. Wasipoteka kitu, walirudi mikono mitupu.

Vyombo vilivyofaa zaidi kwa kazi hiyo vilikuwa skuna, na zilizosifiwa kuliko zote zilijengwa Fells Point, katika bandari ya Baltimore. Zilikuwa na milingoti miwili iliyolalia nyuma, na matanga yake makubwa yalifuata urefu wa chombo, hayakukingama kama yale ya manowari kubwa. Kwa hiyo ziliweza kwenda bisho, karibu sana na upepo, mahali ambapo manowari ya mizinga 74 haikuweza kuzifuata. Lakini wepesi huo ulikuwa na gharama yake. Nafasi ya shehena ilikuwa ndogo, na nahodha aliyechelewa kupunguza tanga tufani ilipokuja aliweza kupinduka pamoja na watu wake wote.

Mojawapo ya skuna hizo ilikuwa Chasseur, iliyojengwa na Thomas Kemp na kushushwa majini mwezi wa Desemba, 1812. Mwaka wa 1814 nahodha wake, Thomas Boyle, aliipeleka mpaka karibu na Uingereza yenyewe. Wakati huo manowari za Kiingereza zilikuwa zimeifunga pwani ya Marekani. Basi Boyle akaandika tangazo kwamba yeye, kwa chombo kimoja tu, ameifunga pwani yote ya Uingereza na Ireland, akalipeleka London libandikwe Lloyd's, walipokutana watu wa bima za merikebu. Ulikuwa mzaha, na mzaha wa kijeuri. Lakini wenye mali hawakuona la kucheka. Mwezi wa Septemba mwaka huo wafanya biashara wa Glasgow walikutana kulalamika juu ya hasara waliyoipata kwa vyombo vya namna hiyo.

Tarehe 26 Februari, 1815, karibu na Havana, Boyle aliona skuna iliyofanana na chombo cha biashara. Aliikaribia akitumaini shehena nono, mara madirisha ya mizinga yakafunguka. Ilikuwa St Lawrence, chombo cha mfalme wa Uingereza, ambacho zamani kilikuwa cha Wamarekani wenyewe mpaka kilipotekwa mwaka wa 1813. Kwa muda wa dakika kama 15 walipigana ubavu kwa ubavu, kisha watu wa Boyle wakarukia humo wakakishika. Baadaye Boyle alimwandikia mwenye chombo kwa namna ya kujitetea, kwamba hakutafuta kupigana na chombo cha mfalme, alitazamia mali. Chombo kilikuwa kimeharibika vibaya, kwa hiyo akakiachilia kiwapeleke majeruhi Havana.

Na vita vilikuwa vimekwisha. Mkataba wa amani ulitiwa sahihi Ghent tarehe 24 Desemba, 1814, ukathibitishwa Washington tarehe 17 Februari. Lakini habari zilisafiri kwa tanga tu, kwa hiyo mkataba uliweka muhula ambao ndani yake mateka yalikuwa halali: siku 12 kwa pwani ya Amerika ya Kaskazini, siku 30 kwa visiwa vya West Indies, na siku 120 kwa bahari za mbali kabisa. Pigano la Havana lilitokea siku ya tisa.