Elohim: Kiishio cha Wingi si Wingi wa Miungu

Moja ya hoja zinazorudiwa sana katika midahalo baina ya Waislamu na Wakristo ni hii ya jina Elohim. Mkristo husema kuwa aya ya kwanza kabisa ya Biblia, katika Mwanzo 1:1, imemtaja Muumba kwa neno hilo la Kiebrania, na kwamba kiishio chake "-im" ni alama ya wingi. Basi, asema, Utatu umo tangu mstari wa kwanza. Kijana wa Kiislamu ambaye hajui Kiebrania hubaki kimya, au hujibu kwa jazba, na wasikilizaji huondoka wakidhani hoja imepita. Mimi naona hoja hii ijibiwe kwa utulivu, kwani jibu lake limo ndani ya lugha hiyo hiyo ya Kiebrania.

Ni kweli kuwa "-im" ni kiishio cha wingi. Melekh ni mfalme, melakhim ni wafalme. Lakini umbo la neno peke yake halitoshi kutupa idadi. Hebu tutazame Kiswahili chetu: tunasema maji, maisha, mauti. Nani aliyewahi kunywa "ji" moja? Kiebrania nacho kina mayim (maji), chayyim (maisha) na panim (uso). Mtu mwenye uso mmoja husemwa kuwa ana panim, wala hatujamsikia aliyedai kuwa mtu huyo ana nyuso tatu.

Kinachoamua idadi ni kitenzi. Mswahili akisikia "aliumba" anajua ni mmoja, akisikia "waliumba" anajua ni wengi. Katika Mwanzo 1:1 kitenzi ni bara, nacho ni cha umoja. Wingi wake ungekuwa bar'u. Ndiyo maana Wakristo wenyewe walipoifasiri Biblia kwa Kiswahili waliandika "aliumba". Neno hilo hilo Elohim likitumika kwa masanamu ya mataifa, sifa inayofuata huwekwa katika wingi, kama ilivyo katika Kutoka 20:3 inapokatazwa kuabudu miungu mingine.

Kwa insafu niseme pia kuwa yapo mahali machache ambapo kitenzi kiko katika wingi, kama Mwanzo 20:13, Ibrahim anapozungumza na mfalme Abimeleki. Lakini neno Elohim limekuja zaidi ya mara 2,500 katika Agano la Kale, na pale linapomkusudia Muumba kanuni ni umoja. Hata ile kauli ya wingi ya Mwanzo 1:26 kuhusu kumuumba mtu, aya inayoifuata imerejea kwenye kitenzi cha umoja.

Sasa tuipime hoja ya Utatu kwa mifano ya Biblia yenyewe. Katika 1 Samweli 5:7, Dagoni, sanamu moja la Wafilisti, ameitwa Elohim. Katika Waamuzi 11:24, Kemoshi naye ameitwa hivyo. Katika Kutoka 7:1, Nabii Musa (A.S.) anaambiwa amefanywa Elohim kwa Firauni. Je, Dagoni ana nafsi tatu? Je, Musa ni watatu? Na katika Mwanzo 42:30, ndugu zake Nabii Yusuf (A.S.) wanamtaja kuwa bwana wa nchi kwa neno lenye umbo la wingi, hali ya kuwa aliyesimama mbele yao alikuwa mtu mmoja. Huu ndio uitwao wingi wa utukufu.

Sisi Waislamu hatupaswi kuuona wingi huu kuwa mgeni. Katika Qur'an Allah (S.W.) anajitaja mara nyingi kwa "Sisi", kama mwanzo wa Suratul Qadr. Masahaba waliisikia kauli hiyo kwa lugha yao wenyewe na hawakufahamu kabisa kuwa kuna miungu wengi.

Mayahudi nao, ambao Kiebrania ni lugha ya kitabu chao, hawakufahamu Utatu. Walipoanza kuifasiri Taurati kwa Kigiriki huko Iskandaria, katika karne ya 3 kabla ya Nabii Isa (A.S.), neno Elohim la Muumba walilifasiri kwa Theos, neno la umoja. Na Marko 12:29 inaeleza kuwa Isa mwenyewe alipoulizwa amri iliyo kuu alianza kwa kuwakumbusha Israeli kuwa Bwana Mungu wao ni mmoja. Hata John Calvin, kiongozi mkubwa wa Uprotestanti wa karne ya 16 na muumini wa Utatu, katika ufafanuzi wake wa Mwanzo aliikataa hoja ya Elohim kuwa haina nguvu.

Lakini ndugu zangu, mizani hii itupime na sisi. Wako wahadhiri wetu wanaosema kuwa ndani ya neno "Haleluya" limo jina la Allah. Si kweli. Neno hilo ni halelu, yaani msifuni, na Yah, ufupisho wa jina la Mungu kwa Kiebrania. Wako pia wanaosema kuwa "Allahumma" ndiyo Elohim. Wanazuoni wa nahau ya Kiarabu hawakusema hivyo: wale wa Basra walieleza kuwa mimu ile imeshika nafasi ya "ya" ya kuitia. Tukitegemea hoja za kufananisha sauti, tutamlaumu vipi anayetegemea "-im"?

Lililo thabiti linatutosha. Kiebrania kina Eloah, vitabu vya Danieli na Ezra vina Elah kwa Kiaramu, na Kiarabu kina ilah. Lugha hizi ni ndugu. Saadia Gaon, mwanachuoni wa Kiyahudi aliyefariki mwaka 942, alipoifasiri Taurati kwa Kiarabu, pahala pa Elohim aliandika Allah. Hakuona kuwa anaandika jina la mungu mgeni.

Qur'an (2:133) inatueleza kuwa Nabii Yaakub (A.S.), mauti yalipomfikia, aliwauliza wanawe watamwabudu nani baada yake, nao wakajibu kuwa ni Mungu wake na wa baba zake, Mungu mmoja. Hao ndio Wana wa Israeli. Basi anayekuja na Elohim tusimkimbie wala tusimtukane. Tumuulize kwa upole: kitenzi kinachofuata ni cha umoja au cha wingi? Na tusilolijua tusilifuate, kama tulivyoamrishwa katika 17:36. Tauhidi haihitaji hoja dhaifu ili isimame.

Wallahu a'lam.