Safari ya Mirihi Huchukua Siku Ngapi?

Kukadiria muda wa safari ni hesabu iliyozoeleka katika shule za sekondari: umbali hugawanywa kwa mwendo. Basi likitoka Bariadi kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, baada ya saa mbili litakuwa limekwenda kilomita 120. Je, hesabu hiyo yafaa kwa chombo kiendacho sayari ya Mirihi?

Mirihi inapoikaribia sana Dunia, umbali kati yao huwa kama kilomita milioni 55. Kwa mwendo wa basi hilo, safari ingechukua zaidi ya miaka 104. Chombo cha anga huhitaji mwendo wa kilomita 40,000 hivi kwa saa ili kijinasue katika mvuto wa Dunia. Kwa mwendo huo jibu ni siku 57. Lakini Perseverance, chombo kilichorushwa tarehe 30 Julai 2020, kilitua Mirihi tarehe 18 Februari 2021, yaani baada ya siku 203. Kosa liko wapi?

Kosa ni kudhani kuwa njia imenyooka na sayari zimesimama. Dunia hulizunguka Jua kwa mwendo wa kilomita 30 hivi kwa sekunde, na chombo kiondokapo huwa tayari kina mwendo huo. Nacho basi hulizunguka Jua katika njia ya duaradufu, kikilengwa mahali Mirihi itakapokuwa, si mahali ilipo. Mwaka 1925 mhandisi Mjerumani Walter Hohmann alieleza njia itumiayo nishati kidogo: duaradufu iliyogusa njia ya Dunia upande mmoja na njia ya Mirihi upande wa pili.

Muda wake hupatikana kwa kanuni ya tatu ya Kepler: mraba wa muda wa mzunguko, kwa miaka, ni sawa na mchemraba wa wastani wa umbali kutoka kwenye Jua, umbali wa Dunia ukihesabiwa kuwa 1. Umbali wa Mirihi ni 1.52. Hivyo:

Wastani: (1 + 1.52) ÷ 2 = 1.26
Mchemraba: 1.26 × 1.26 × 1.26 = 2.00
Kipeuo cha pili: miaka 1.414
Nusu ya mzunguko: miaka 0.707, au siku 258.

Chombo kirushwacho kwa nguvu zaidi hufika mapema, kama Perseverance.

Nafasi ya kuondoka huja kila baada ya miezi 26 hivi. Mkulima wa pamba wa Simiyu akipitwa na mvua za kupandia, hungoja msimu mwingine. Ndivyo ilivyokuwa kwa InSight: kwa sababu ya uvujaji katika kifaa kimoja, safari ya Machi 2016 iliahirishwa hadi Mei 2018.

Zoezi: Umbali wa Zuhura kutoka kwenye Jua ni 0.72. Mwanafunzi akokotoe muda wa safari yake. Jibu likaribie siku 146. Kisha alilinganishe na Mariner 2, iliyorushwa tarehe 27 Agosti 1962 na kuipita Zuhura tarehe 14 Desemba, na aeleze sababu ya tofauti.