Ukifukuzwa kwa Ajili ya Minervali, Usipinde Njia

Wadogo zangu wa Kolwezi, nyinyi wa shati jeupe na sketi ya buluu, nyinyi wa suruali ya buluu inayopigwa pasi usiku umeme ukirudi, sogeeni karibu na yaya wenu. Leo nawataka wale wanaosoma shule za kanisa za kulipia, shule za kutwa, wavulana na wasichana darasa moja. Iwe ya Waanglikana, ya Wametodisti au ya Wakatoliki, mambo yenu ni yale yale, na maswali mnayoniuliza ni yale yale.

Najua mtaani mnapita kifua mbele, maana nyumbani wameuza hata kiwanja ili jina lako liandikwe pale. Najua pia kwamba ukishaingia darasani kifua kinasinyaa. Jirani yako wa dawati ni mtoto wa injinia wa kampuni ya madini, kashushwa na gari getini. Wewe umetoka Kasulo au Kapata kwa miguu, na vumbi la malori limekwisha kulipaka shati rangi yake kabla bendera haijapandishwa. Basi ukiulizwa unakaa wapi, unajibu, "Kule mjini." Ah, mdogo wangu! Uongo huo ni mdogo, hata mimi unanichekesha. Lakini ndio unaozaa wenzake. Leo unaficha mtaa, kesho unaficha kazi ya baba, keshokutwa unaficha kwamba umefukuzwa kwa ajili ya minervali, yaani ada ya shule, na hapo ndipo roho yangu inaporuka.

Kuhusu kutembea, niwaambie jambo. Waanglikana wa Congo wanamheshimu sana Apolo Kivebulaya, Muganda aliyetoka Toro akafika Boga mwaka 1896. Alifika kwa miguu, akahubiri, akafundisha watu kusoma, na Boga ndiko alikozikwa mwaka 1933. Sasa wewe unayesoma shule ya kanisa lililoletwa na mtembea kwa miguu unaona haya kwa sababu ya vumbi la viatu?

Tuje kwenye minervali. Wengi mnaniuliza kwa uchungu: mbona mdogo wangu wa shule ya msingi hatoi kitu, mimi nafukuzwa? Shikeni hili ili msigombane na wazazi bure. Elimu ya bure iliyoanza Septemba 2019 ni ya shule za msingi za umma. Humo zimo shule za makanisa zenye mkataba na Serikali. Mobutu alizichukua shule za makanisa mwishoni mwa 1974, zikamshinda, mwaka 1977 akatia saini mkataba na makanisa wazisimamie tena. Waanglikana wamo upande wa Waprotestanti, ndani ya ECC, umoja wa makanisa ya Kiprotestanti. Ila sekondari haikuingizwa katika bure hiyo. Na shule ya kanisa inayojitegemea, isiyo na mkataba huo, hailipiwi na Serikali hata darasa la kwanza. Mwalimu wako anakula kutokana na hela za mzazi wako. Prefe, mkuu wa shule, anapokutoa darasani hakuchukii, ingawa, nami nasema kama yaya, kumsimamisha mtoto mbele ya wenzake na kumsomea deni ni jambo linaloumiza, na wakubwa wangeweza kumwita mzazi tu.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo watu wanapovunjika guu. Mtoto akifukuzwa saa mbili asubuhi, nyumbani haendi. Anaona haya. Mama yuko sokoni, baba yuko kazini au anatafuta kazi, na huko nje kuna mashimo ya madini, kuna wanaoosha mawe mtoni, kuna wanaobeba mifuko. Anajiambia, "Nitafanya wiki moja tu, nilipe, nirudi." Mwanzoni hata moyo unakuwa mweupe, anajiona mtu mzima anayewasaidia wazazi. Simlaumu kwa hilo. Lakini Amnesty walipozungumza na watoto waliofanya kazi hiyo huku kwetu, katika ripoti yao ya 2016, walikuta wengi wanapata franka elfu moja hadi elfu mbili kwa siku, na siku yenyewe inaweza kufika saa kumi na mbili za kazi. Piga hesabu, wewe unayejisifu kwa hesabu. Utabeba mifuko muda gani kabla hujaifikia minervali ya muhula mmoja? Na humo ndani utakula, utanunua sandali, utachangia bia ya wakubwa. Cha mlevi huliwa na mgema, na mezani kwa mnunuzi wa mawe mwenye mizani ni yeye, wewe huna.

Na aliyeonja asali huchonga mzinga. Mvulana akirudi darasani baada ya wiki ile, mwili umerudi, roho imebaki shimoni. Anasinzia katika fizikia. Kifua kinakohoa vumbi. Mwalimu akimkaripia anajibu kwa kiburi, kwa kuwa ana noti mfukoni na mwalimu pengine hana. Halafu anatoroka siku moja, siku mbili, mpaka mtihani wa Serikali unafika na jina lake halimo. Hiyo ndiyo njia nyepesi. Njia nzito mnaijua: tarehe 27 Juni 2019, kwenye eneo la mgodi wa KCC hapa hapa Kolwezi, udongo uliwaangukia wachimbaji, wakafa watu wapatao arobaini. Kadi ya mchimbaji wa mikono yenyewe kisheria hapewi asiyetimiza miaka 18, kwa hiyo mtu mzima anayekuita uje kubeba mfuko anajua vizuri anachofanya.

Wasichana, msidhani nimewasahau. Shimo lenu lina viti vya ngozi na kiyoyozi. Linasimama karibu na geti kengele ya mwisho ikilia, linasema, "Jua ni kali, panda nikufikishe." Leo lifti, kesho simu, kisha minervali yote imelipwa na nyumbani wanauliza kwa sauti ya chini, au hawaulizi kabisa, maana mwenye njaa hana miiko. Mdogo wangu, najua ulivyojisikia ulipoishika simu ile. Ulijiona umeokoka. Lakini mwanaume mwenye watoto wa umri wako hanunui simu kwa huruma ya masomo yako. Siku tumbo likionekana, gari halisimami tena getini. Na hata kama ni kijana wa darasani mwenu, tazama: wawili walikuwa pamoja, dawati linalobaki tupu ni moja. Kama yamekwisha kukufika, usijifungie. Kosa kubwa ni la mkubwa. Mficha uchi hazai. Mwambie mama, shangazi, au mama mmoja wa kanisani unayemwamini, mapema, kabla watu hawajaanza kuhesabu miezi. Na uzazi sio mwisho wa kusoma, asikudanganye mtu.

Na nyie wavulana mnaocheka sketi ya mwenzenu ikichafuka siku zake! Huyo ametoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, shuleni maji hayatoki, na bado amekuja. Mpe sweta ajifunge kiunoni, nyamaza, fungua daftari. Tena, nani aliamua kwamba katika shule mchanganyiko wasichana ndio wafagie darasa na wavulana wakacheze mpira? Shikeni ufagio. Mikono haitakatika.

Basi, ukitolewa kwa deni, usipinde njia. Nenda nyumbani. Kama mama hayupo, mngoje, mpe karatasi ya prefe mkononi. Kabla tarehe haijapita, mzazi mwenyewe aende ofisini aombe kulipa kidogo kidogo. Mzazi anayetangulia husikilizwa kuliko anayeitwa. Ikishindikana, kuna mchungaji, kuna akina mama wa kanisa. Na kwa walioacha kabisa wakazama kwenye mawe, masista wa Bon Pasteur wako hapa Kolwezi zaidi ya miaka kumi sasa, wanawatoa watoto migodini na kuwarudisha kwenye masomo. Wao ni Wakatoliki, ndiyo, lakini nenda tu.

Neno moja la pembeni kwa wale ninaowajua. Ukimtajia mama kiasi cha minervali, taja kile kilichoandikwa. Zile elfu tano unazoongeza juu ili ununue mandazi na vocha, mama anazijua. Amezijua tangu Oktoba.