Ukiambiwa Una Kansa ya Titi

Mama, kama daktari wa Mbeya au Iringa amekuambia una kansa ya titi, usirudi nyumbani kumaliza mavuno kwanza. Uvimbe haungoji mahindi. Hata kama hauumi, unakua, na unaweza kufika kwapani, mifupani na mapafuni.

Hukurogwa. Wala ugonjwa huu hauambukizi. Kuleni pamoja.

Muulize daktari: uvimbe umefika wapi? Nitapasuliwa, nitapewa dawa, au nitapigwa mionzi? Pengine atakuandikia barua ya kwenda Ocean Road, Dar es Salaam. Safari ni ndefu. Nenda na mumeo au dada yako, asikie naye, maana kwa hofu mgonjwa husikia neno moja tu: kansa.

Dawa nyingine hunyonyoa nywele. Usikatishe matibabu, nywele huota tena.