Kabla Hujafunga Filta ya Koni Kongwa

Mwezi Septemba, ukikunja Mbande kutoka barabara kuu ya Dodoma na Morogoro, itazame Fuso iliyo mbele yako inapoacha lami na kushika njia ya kijijini. Haionekani. Kinachoonekana ni wingu jekundu linalotembea, na kila gari lililo nyuma yake linalivuta wingu hilo. Fuso yenyewe haina wasiwasi, maana ina filta mbili, ya nje na ya ndani, zilizokaa kwenye kasha kubwa lililofungwa barabara. Ninayemhofia ni kijana aliye nyuma yake na Altezza au Impreza, aliyeng'oa kasha la kiwandani wiki iliyopita akafunga filta ya koni iliyo wazi chini ya boneti.

Makala hii namwandikia yeye. Simkatazi kupenda gari lake. Nami nilikuwa na Altezza RS200 yenye filta ya koni, na nilipenda mlio wake ninapokanyaga mafuta. Nililinunua likiwa tayari na koni hiyo, kama yanavyokuja magari mengi ya spoti kutoka Japani. Miezi michache baadaye likaanza kula oili. Siku nilipofungua bomba la hewa, upande ambao ulipaswa kuwa safi, nilikuta vumbi laini limelala ndani kama ugoro. Filta haikuwa imetoboka. Gereji moja ilikuwa imefunga klampu pana kuliko bomba, na hewa ilikuwa inapita pembeni bila kuchujwa. Niliingia gharama ya kubadilisha ringi za pistoni kwa sababu ya klampu, na tangu hapo naangalia kwanza mahali filta inapokaa, ndipo niitazame filta yenyewe.

Vumbi la huku si la kulidharau. Kuanzia mwaka 1947 Waingereza walileta Kongwa matrekta ya kulima karanga. Mengi yalikuwa masalia ya vita, na baadhi yalikuwa vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa matrekta na kampuni ya Vickers. Mradi ulifutwa mwaka 1951 baada ya kupoteza mamilioni ya pauni. Sababu zilikuwa nyingi, mvua haba ikiwemo, lakini udongo nao ulifanya kazi yake. Kiangazi ulikauka ukawa kama tofali, na mchanga wa kwatzi uliomo ndani yake ukasaga vyuma vya plau kama msasa. Kwatzi ina ugumu wa 7 katika kipimo cha Mohs, kwa hiyo hukwaruza kioo, na ukuta wa silinda hauiwezi. Mchanga uliomaliza plau za 1947, ukisagwa na matairi ukawa unga, ndio unaoelea nyuma ya Fuso.

Sasa fikiria injini inavuta hewa kiasi gani. Ili kuunguza lita moja ya petroli, injini inahitaji takriban lita 9,000 hadi 10,000 za hewa. Safari ya Kongwa hadi Dodoma na kurudi, kwa gari linalotumia lita 17, ni kama lita 160,000. Hiyo ni hewa ya vyumba sita, kila kimoja mita tatu kwa tatu na dari la mita tatu. Chembe zinazoumiza zaidi ni zile ndogo, za kati ya maikroni 5 na 20, ambapo unywele wa mtu una kama maikroni 70. Utando wa oili kati ya ringi na silinda una unene unaokaribia wa chembe hizo, kwa hiyo huingia na kukwama hapo, na kila pistoni inapopanda na kushuka zinakwangua. Kwenye Impreza yenye turbo kuna hasara nyingine: panga za kusukuma hewa huliwa makali taratibu.

Muuzaji wa filta ya spoti atakwambia inachuja asilimia 98. Atakwambia pia kuwa ya karatasi inachuja 99.5, na kwa maneno yake tofauti ni ndogo. Geuza hesabu uangalie kinachopita. Katika kila gramu 100 za vumbi, ya kwanza inapitisha gramu 2 na ya pili inapitisha nusu gramu. Ni mara nne. Gramu 2 za mchanga ni kama robo ya kijiko cha chai, nazo zinakwenda moja kwa moja kwenye silinda. Kwa hiyo ukiuliza filta, uliza kinachopita.

Uliza pia kama imepimwa kwa utaratibu wa ISO 5011, unaotumia vumbi maalumu la maabara ambalo asili yake ni vumbi la Arizona, Marekani. Kati ya namba kinazotoa kipimo hicho, tafuta hizi tatu: uchujaji wa mwanzo, uchujaji wa jumla hadi filta inapojaa, na uzito wa vumbi inaloweza kubeba. Filta isiyo na namba hizo, hata ikiwa na rangi nzuri kiasi gani, kwangu ni pambo. Zile za waya mtupu wa chuma sizijadili kabisa. Hazifai kwa barabara za huku Kongwa, ya Hogoro wala ya Mlali.

Kuna jambo moja kuhusu uchujaji wa mwanzo ambalo watu wengi hulielewa kinyume. Filta mpya ndiyo inayochuja vibaya kuliko siku nyingine zote za maisha yake. Vumbi la kwanza likishakaa juu ya karatasi, lenyewe linakuwa chujio linalozuia chembe zinazofuata. Mtu anayepuliza filta ya karatasi kwa kompresa kila Jumamosi anairudisha filta yake kwenye hali yake dhaifu, na upepo ule mkali unafungua matundu ya karatasi na kuchana mikunjo. Najua ni desturi ya kila gereji, na fundi hukufanyia bure kwa nia njema. Mkatalie kwa adabu. Filta ya karatasi ikijaa, nunua nyingine. Ukilazimika njiani, igonge polepole kwenye kiganja vumbi zito lidondoke, uirudishe.

Na nguvu je? Kongwa iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake ikilinganishwa na Dar es Salaam. Kijana akihisi gari ni zito, hulaumu filta ya kiwandani. Lakini filta safi ya karatasi huzuia sehemu ndogo tu ya mgandamizo wa hewa, kwa kawaida asilimia moja au mbili ukiwa umekanyaga mafuta hadi mwisho. Hata ukiondoa filta kabisa hutarudisha kilichochukuliwa na mwinuko. Koni iliyo wazi inaweza hata kupunguza nguvu, kwa sababu inavuta hewa ya moto ya chini ya boneti, wakati kasha la kiwandani lina mdomo unaovuta hewa baridi ya mbele ya gari. Mlio unaongezeka, na sikio hudhani ni nguvu.

Kama bado unataka filta ya spoti, chukua ile bapa inayokaa ndani ya kasha lilelile la kiwandani. Zipo za pamba yenye oili, kama za K&N, kampuni iliyoanzia Riverside, California, mwaka 1969, na zipo za nyuzi kavu zisizohitaji oili. Kwa vumbi letu napendelea nyuzi kavu au karatasi halisi, maana pamba inategemea sana mkono wa anayeihudumia. Filta ya sponji yenye umbo la uyoga, inayokuja na magari kutoka Japani, ichunguze kwa kidole: sponji ikizeeka hukauka na kumeguka, na vipande huvutwa ndani. Ikiwa inameguka, itoe leo.

Mwenye pamba ajue kuihudumia. Kwanza isugue taratibu kwa brashi laini, vumbi la juu litoke. Paka sabuni iliyotengenezwa kwa filta hiyo, subiri dakika kumi, kisha suuza kwa maji ya nguvu ndogo kutoka upande safi kwenda upande mchafu. Ukifanya kinyume unausukuma mchanga ndani zaidi. Usitumie petroli, inaharibu mpira wa ukingo na inaweza kuwaka mikononi mwako. Ianike kivulini ikauke yenyewe. Usiipulize kwa kompresa wala usiiweke juu ya injini ya moto. Ikiwa na unyevu, oili haitashika.

Kisha oili, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Tumia oili ya filta, si oili ya injini wala dizeli. Oili ya filta inanata, na ndiyo inayokamata chembe ndogo ambazo pamba peke yake ingeziachia. Pitisha mstari mmoja kwenye kila mkunjo, subiri dakika ishirini, tazama penye weupe, ongeza hapo tu. Ikiwa kidogo, vumbi linapita. Ikizidi, huvutwa na kwenda kupaka uzi wa sensa ya hewa, ile mafundi wanayoiita ea-flo, na gari linaanza kusitasita na kunywa mafuta. Nimeona watu wakibadilisha plagi na pampu ya petroli kwa tatizo ambalo lilikuwa oili ya filta iliyomwagwa kama mchuzi.

Kuhusu muda, kitabu cha gari kilichoandikwa kwa barabara za Japani kinataja makumi ya maelfu ya kilomita. Kwa anayeishi kwenye lami ya Kibaigwa na Dodoma, kagua kila unapobadilisha oili. Mimi ninayepita vumbi kila siku kati ya Mei na Novemba nabadilisha karatasi kila kilomita 10,000, wakati mwingine kabla. Bei ya filta ni ndogo mno ukiilinganisha na ringi. Unaponunua, hesabu mikunjo na ulinganishe na ile iliyotoka kiwandani: bandia huwa na mikunjo michache, iliyoachana ovyo, na ukingo wake wa mpira ni mgumu. Ingia chumba chenye giza, washa tochi ndani ya karatasi. Ukiona nukta ya mwanga, irudishe dukani.

Uendeshaji nao huchangia kuliko watu wanavyodhani. Wingu la vumbi ni zito zaidi mita chache nyuma ya gari la mbele, na hupungua haraka ukiachia nafasi. Usiifuate Fuso kwa karibu ukitafuta pa kuipita. Simama kandokando dakika mbili, zungumza na abiria wako, wingu litulie. Na ndani ya vumbi usikanyage mafuta kwa nguvu, kwa sababu kadiri injini inavyovuta hewa nyingi ndivyo inavyovuta mchanga mwingi.

Nimalizie na kipimo ninachofanya mwenyewe kila mwezi wa kiangazi, hakina gharama. Fungua kasha, toa filta, futa sehemu za kugusana kwa kitambaa safi. Paka grisi nyembamba sana kwenye ukingo wa mpira kuzunguka pande zote, rudisha filta, funga vibano vyote, kisha endesha wiki moja kama kawaida, Kibaigwa, Sagara, popote unapokwenda. Baada ya wiki fungua tena. Grisi itakuwa imeshika vumbi upande wa nje, na hiyo ni kawaida. Tafuta mistari iliyovuka grisi kwenda ndani, maana kila mstari ni njia ya hewa isiyochujwa. Funga kitambaa cheupe kwenye kidole, kizungushe ndani ya bomba baada ya filta, hasa penye klampu na penye nyufa za mpira mkongwe. Kitambaa kikitoka cheupe, funga uendelee na safari. Kikitoka na wekundu, usiliwashe tena gari kwa safari ya vumbi hadi upate klampu inayolingana na bomba, au urudishe kasha la kiwandani. Kama ulilitupa, waulize wauza spea za magari yaliyochinjwa. Makasha ya Altezza na Impreza hupatikana kwao mara kwa mara, na ukilipata hakikisha vibano vyake vyote bado vinabana.