Kutembea Moshi kwa Macho ya Imani



Vijana wenzangu, likizo ikifika wengi tunachanga hela ya mafuta, tunajaa kwenye Noah na kwenda kutembea. Safi sana! Mkija Moshi msiishie kupiga picha na mlima. Pandeni sehemu mbili hizi.

Kilema. Mwaka 1890 wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walianzisha hapa misheni ya kwanza ya Kikatoliki Kilimanjaro. Pamoja na Injili walileta mbegu za kahawa, zao lililokuja kusomesha watoto wengi wa Kichaga.

Old Moshi. Hapa upo mti wa Mangi Meli, mwana wa Rindi. Mwaka 1892 askari wake waliwashinda Wajerumani. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani waliwanyonga viongozi 19, Meli akiwemo. Inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na ukoo wake umekitafuta miaka mingi.

Kati ya matukio hayo mawili ni miaka 10 tu. Wapo wanaosema misheni na ukoloni ni kitu kimoja. Wapo wanaosema mambo ya Meli ni siasa, hayatuhusu waamini. Kila upande unafuta nusu ya habari.

Soma Yoshua sura ya 4. Waisraeli waliweka mawe 12 ili watoto wakiuliza maana yake, wazazi wasimulie. Sasa mdogo wako akikuuliza habari za mti ule, utamwambia nini? Mwambie yote: zawadi tuliyopokea na damu iliyomwagika.

Tena sisi kila Misa tunamkumbuka aliyeuawa hadharani kwa amri ya dola ya kigeni. Sisemi Meli ni sawa na Kristu, hapana. Ila anayeabudu chini ya Msalaba hawezi kupita chini ya mti ule akicheka.

"Frateri, naweza kumwombea mtu asiyekuwa Mkatoliki?" Ndiyo. Kanisa linawaombea marehemu wote, hata wale ambao imani yao inajulikana kwa Mungu tu.

Zoezi: Kilema, salini Baba Yetu ya shukrani. Old Moshi, wekeni simu mfukoni dakika tano, kisha salini Raha ya Milele kwa ajili ya wote 19.

Tafakari: Nyumbani kwenu kuna mti gani au jiwe gani ambalo hujawahi kuuliza habari zake? Muulize bibi au babu angali hai.