Mwaka Mmoja Tena

Katika Injili ya Luka, sura ya 13, Bwana wetu asimulia habari za mtini usiozaa kwa miaka 3. Mwenye shamba ataka ukatwe. Mtunza shamba amwombea mwaka mmoja tena, apate kuupalilia na kuutia samadi. Haombi kwa maneno matupu. Aahidi na kazi ya mikono yake.

Mkulima wa mboga huko Mabalako alifahamu fumbo hili upesi. Kwao mvua huzidi mara 2 kwa mwaka. Mvua ikipungua, bustani huhamia bondeni, karibu na maji. Lengalenga huchumwa baada ya majuma machache, kabichi hungoja miezi 3 hivi. Tena udongo uliochoka hudai samadi iliyooza vema kabla ya mbegu.

Lakini mvua siyo shida ya pekee. Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa Ebola, iliyogunduliwa Mangina. Ikatangazwa kwisha 25 Juni 2020. Vita navyo vimewakimbiza wengi, bustani zikamezwa na magugu. Je, arudiye apande tena, hali hajui kama atavuna?

Bwana hakusema kama mtini ule ulizaa hatimaye. Alionyesha tu kwamba mwaka uliombwa kwa huruma. Ashikaye jembe huku akisali ameupokea. Akaaye bure ameupoteza.

Maswali:
1. Mtunza shamba aliahidi kazi gani?
2. Nani katika jamaa yako ahitaji mwaka mmoja tena?